Fungua Mgongo Kabla ya Maombi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa hapa Mukuyuni alinijia mbio, simu mkononi. Kwenye simu kulikuwa na picha ya kamera ya dijitali, zile kubwa za wapiga picha wa harusi, inauzwa na mtu wa Emali ambaye kijana hajawahi kuonana naye.

"Mzee Mulinge, cheki hii mashine," akaniambia. "Imetumika kidogo tu. Jamaa anasema ilikuwa ya mzungu, na iko na megapikseli mob."

"Umeifungua?"

"Kuifungua aje? Si unaiona hapa kwa simu?"

"Naona ngozi yake. Nimekuuliza kama umeifungua."

Akanitazama kama mtu aliyekuja kuomba baraka akapewa jembe. Basi hao ndio nyinyi, vijana wangu, na ndiyo sababu nimekaa kuandika haya kabla macho hayajaniacha kabisa.

Mkamba akienda mnadani kununua mbuzi, muuzaji atajuta kuzaliwa. Mbuzi atafunguliwa mdomo ahesabiwe meno. Ataangaliwa chini ya mkia. Atavutwa kope, atabonyezwa mbavu, atatembezwa mbele na nyuma, na ikibidi ataulizwa mama yake yuko wapi. Huyo ni mbuzi wa kuliwa Jumapili! Lakini mpe mtu huyohuyo kamera, kitu cha kumlisha miaka kumi, naye ataifuta vumbi kwa shati, ataona inang'aa, na atasema, "Hii iko sawa."

Nawacheka, lakini nawacheka kutoka kwenye kiti hichohicho. Mimi ndiye niliyebadilisha baiskeli nzima kwa kamera ambayo sikuifungua. Na kosa hilo lilikuja kunisimamisha mbele ya Chifu, mbele ya soko zima, siku ambayo mama mjane na watoto wake wanne walikuwa karibu kufukuzwa kwao.

Lakini tuanze na aliyenifunza, maana nisipomtaja mtadhani ujinga wangu ulikosa mwalimu.

Nilijifunza kazi Kitui mjini miaka ya sitini, kwa Mzee Bakari. Babu yake alikuja kutoka pwani na msafara wa biashara, akaoa, akabaki. Mzee Bakari alizaliwa Kitui, lakini Kiswahili chake kilikuwa bado kinanukia chumvi. Alikuwa na studio ya chumba kimoja na kamera ambayo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa hata kuipumulia. Alinifunza kuosha filamu katika chumba cha giza, kuchanganya dawa, na kumwambia mtu mwenye meno mabovu atabasamu bila kumvunjia heshima.

Siku moja mtu mmoja alileta kamera ya kuuza. Mzee Bakari hakuuliza bei. Aliichukua, akafungua mgongo wake, akaingiza pua.

"Wainusa, mzee?" nikamuuliza.

"Naam. Yanuka unyevu. Imelala darini wakati wa mvua." Akaielekeza lenzi dirishani, akachungulia kwa nyuma. "Njoo utazame, mwanangu. Waona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui? Hiyo ni kuvu. Yala kioo. Leo ndogo, mwakani picha zote zina ukungu kama asubuhi ya Julai."

Halafu akatazama skrubu moja moja. Skrubu iliyokwaruzwa kichwa ina maana fundi fulani aliwahi kuifungua kwa kisu cha mkate. Akafyatua shata, kile kilango kinachoruhusu mwanga kuingia, akiwa amefumba macho ili asikilize. Kwa mwendo wa haraka lazima iseme *tak*. Kwa mwendo wa polepole iseme *ta-a-ak*. Ikisema *tak* kila mara, imelewa. Mwisho akaingiza kipande cha filamu iliyoharibika, akakitia alama kwa biro, akazungusha kisukumio cha filamu na kutazama kama alama inahama hatua ileile kila mara.

"Hili la mwisho usilisahau," akaniambia. "Kamera ina meno kama mbuzi. Ni kijigurudumu cha meno ndicho kivutacho filamu. Meno yakisagika, waweza kuzungusha mpaka Krismasi na filamu isiende popote. Picha ya pili italala juu ya ya kwanza."

Mwenye kamera alikasirika. "Mzee, kwani huniamini?"

"Wewe nakuamini sana," Mzee Bakari akamjibu. "Kamera ndiyo sijaijua."

Akamrudishia. Kuna jambo jingine alikuwa akiniambia kila nilipoharibu picha ya mteja: "Picha mbaya si dhambi, mwanangu. Dhambi ni kumwambia mwenyewe kwamba alipepesa macho." Hilo nalo nililisikia vizuri sana, nikaliweka pahali nisipoweza kulifikia.

Nilipofungua studio yangu hapa Mukuyuni, watu walinipa jina la Simama Hapo, maana ndiyo sentensi niliyokuwa nikiitamka kutwa. Nilikuwa na pazia lenye ndege ya kuchorwa, ua la plastiki, na koti moja jeusi la kuazima wateja. Ukitembelea nyumba za wazee wa soko hili utaona picha za wanaume wengi wenye heshima tofauti na koti moja. Siku za soko nilikwenda Kasikeu, na mara mojamoja nilivuka hadi Mutomo, ambako mtu angeweza kuuza ng'ombe asubuhi na mchana akapigwa picha na pesa zikiwa bado mfukoni.

Kamera yangu ya kwanza ilianguka mtoni pamoja nami. Mimi nilitoka.

Ndipo nikasikia kwamba Mzee Kioko wa Kasikeu anauza kamera. Kioko alikuwa shemasi, mtu wa tai hata shambani. Nilimwendea nyumbani kwake na baiskeli yangu, ambayo tulikuwa tumekubaliana aichukue. Sasa sikilizeni vizuri mwone jinsi mtu mwenye akili timamu anavyoingia shimoni akiimba.

Kioko aliikagua ile baiskeli. Alizungusha pedali kwa mkono, akabonyeza breki, akatikisa usukani, akapiga kengele mara tatu, akaipanda na kuzunguka boma lote huku mkewe akimtazama. Aliporudi alisema mnyororo umelegea, nikamwongezea pampu. Kisha akaileta kamera, imefungwa kwa kitambaa cheupe kama mkate wa meza ya Bwana.

Nikanyoosha mkono kuifungua mgongo.

"Ngoja kwanza, Mulinge," akasema. "Sisi ni watu wa Mungu. Tuombe."

Akavua kofia. Mkewe akafumba macho. Kioko aliiombea kamera kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuombewa mimi mwenyewe. Aliomba ipige picha za harusi na si za matanga. Aliomba lenzi yake ione mema. Aliomba kila shetani wa hasara ashindwe. Tukasema amina, akanitia kamera mkononi na kunikumbatia.

Niambieni, vijana wangu. Baada ya amina kama ile, nani angefungua mgongo? Nani angetoa filamu mbovu na biro, mbele ya mama aliyekuwa bado anafuta machozi? Ingekuwa kama kumwambia Mungu, "Asante, lakini acha nihakikishe." Nikaifunga kwenye kitambaa chake nikaenda zangu kwa miguu. Nyuma yangu nilisikia kengele ya baiskeli yangu.

Meno ya kamera ile yalikuwa yamesagika. Si yote, na hapo ndipo uchungu ulipo. Ingekuwa imekufa kabisa ningejua siku hiyohiyo. Ilikuwa ikisukuma filamu vizuri mara tatu, ya nne inateleza. Picha mbili zinalaliana pahali pamoja, na mimi sijui mpaka niingie chumba cha giza. Ndiyo maana nawaambia: ukijaribu kamera usiijaribu mara moja. Hata hizi zenu za dijitali. Piga picha hamsini, mfululizo. Piga karatasi nyeupe uone madoa ya vumbi kwenye sensa, kile kioo cha ndani kinachokaa pahali pa filamu. Funika lenzi upige giza tupu, uone kama kuna nukta zinazowaka kama macho ya paka. Bonyeza kila kitufe, hata usichojua kazi yake. Na kamera hizo huhesabu zenyewe zimepigwa mara ngapi. Uliza hesabu hiyo kabla hujauliza bei. Mwenye kamera akikwambia "kidogo tu," mwambie kidogo ina tarakimu ngapi.

Mimi nilifanya nini nilipogundua? Baiskeli ilikuwa imeenda, kamera ilikuwa ndiyo hiyo, na nilikuwa nimeshajiita studio. Nikawa mwongo. Mteja akikuta picha yake ina miguu minne, namwambia, "Ulitikisika." Bibi harusi akijiona na kichwa cha mtu mwingine begani, namwambia, "Mwangaza wa kanisani si mzuri." Hata Chifu. Nilimpiga picha amevaa kofia yake ya serikali, na ikalaliana na dume la ng'ombe nililolipiga mnadani. Pembe mbili zikatokeza juu ya kofia, zimesimama sawasawa kana kwamba alizaliwa nazo. Nikampelekea hivyohivyo.

"Hii ni nini, Mulinge?"

"Hiyo ni staili mpya ya Nairobi, Bwana Chief. Wakubwa wote wanapigwa hivyo. Inaonyesha nguvu."

Aliitazama kwa muda, akaitundika ofisini nyuma ya kiti chake. Kwa miaka minane watu waliingia pale kulia shida zao mbele ya pembe zile, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Katika mwaka huohuo wa kamera ya Kioko niliitwa kupiga picha za ntheo. Nyinyi mliozaliwa mjini, ntheo ni mbuzi watatu ambao upande wa mwanamume huleta kwa kina msichana. Mmoja huchinjwa, pande mbili hula pamoja, na tangu nyama hiyo imezwe msichana ni mke wa mtu. Mwanamke asipofanyiwa ntheo anaweza kuzaa watoto saba na kulima shamba miaka ishirini, lakini kwa mila yetu bado hajaolewa. Ni kitu kikubwa, na ndiyo sababu baba yake Mwikali, aliyekuwa mtu wa tahadhari, aliamua apate picha.

Muthama ndiye aliyekuwa anaoa. Kaka yake mkubwa, Musembi, ndiye aliyeongoza msafara na mbuzi. Musembi alipenda kuonekana, akaja studio kuazima lile koti langu jeusi. Nikampa, tukaondoka pamoja.

Nilikuwa na filamu chache. Nikapiga mbuzi watatu wamefungwa kwenye ua, peke yao: wawili weupe, wa tatu mweupe mwenye sikio lililokatika. Nikasogea karibu nikawapiga tena. Kisha nikaweka kamera chini mpaka nyama ilipoiva, ndipo Musembi akaniita. "Simama Hapo, nipige nikikula!" Akakaa na koti langu, paja la mbuzi mkononi, mashavu yamejaa. Nikampiga.

Mmeshajua kilichotokea. Picha ya kwanza ya mbuzi ilitoka safi. Ya pili na ile ya Musembi zililaliana. Baba yake Mwikali nilimpa ile safi, nikamwambia filamu iliishia hapo. Ile mbovu niliikunja ndani ya bati la biskuti ninamoweka negativu, zile filamu zilizokwisha kuoshwa, nikaifunika na nyingine ili hata mimi nisiione.

Musembi alirudisha koti likiwa na doa la mafuta kifuani, upana wa kiganja. Nililiosha kwa kila dawa, hata ile ya filamu. Halikutoka. Basi tangu siku hiyo, kila mwanamume aliyevaa koti lile nilimwambia, "Weka mkono kifuani, kama kiongozi." Mkienda kwa wazee wenu mkaona wote wamejishika kifua kwa heshima, wanaficha mafuta ya ntheo ya Mwikali.

Miaka ikapita. Kamera ile niliiweka kabatini nilipopata nyingine, na hiyo ya pili niliifungua mgongo mpaka mwenyewe akaona haya. Baba yake Mwikali akafariki. Mwaka uliofuata Muthama naye akaugua, akafariki. Mwikali akabaki na watoto wanne na shamba lenye michungwa kando ya mto, na Musembi akagundua kwamba anaipenda sana michungwa.

Mwikali alikuja studio siku ya soko, saa za mchana, kitambaa cha matanga bado kichwani. Aliweka mezani ile picha ya mbuzi.

"Mulinge, hii si wewe ulipiga?"

"Ni mimi, mwaitu." Hivyo ndivyo tunavyomwita mama wa heshima.

"Musembi anasema mimi sikuolewa. Anasema ndugu yake alikuwa anaishi tu na mimi. Wazee waliokuja siku hiyo kutoka kwao, wawili wamekufa na wengine wanasema hawakumbuki. Mama yangu wanasema ni mama yangu, atasema nini? Alhamisi kuna baraza. Nikishindwa natoka kwa hiyo boma na watoto. Nitaenda wapi, Mulinge? Kwa kaka yangu niwekwe jikoni na watoto wanne?"

"Nitakuja niseme nilipiga hii picha."

"Musembi ashaiona. Aliangalia akacheka. Akasema kila mtu ako na mbuzi." Akaikunja picha. "Hakukuwa na ingine? Hata moja iko na mtu?"

Nikamwambia hakukuwa. Ndiyo, mimi huyu anayewafunza leo. Nilimtazama mama yule machoni nikamwambia filamu iliisha. Alinishukuru! Alinishukuru kwa kukubali kuja, akatoka, nami nikabaki pale chini ya ndege yangu ya kuchorwa, nimechukizwa na nafsi yangu.

Nilijua ndani ya bati kuna nini. Nilijua pia kwamba nikiitoa negativu ile, mtu yeyote mwenye macho atasema ni ya kutengenezwa, na nitalazimika kueleza kwamba kamera yangu ndivyo ilivyokuwa ikifanya. Na nikieleza hivyo, kila bibi harusi niliyemwambia alitikisika atasikia. Chifu atasikia. Niliogopa, sitawaficha. Jina la mpiga picha ndilo duka lake. Lakini kila nilipofumba macho nilimsikia Mzee Bakari na lile neno lake la kupepesa. Nikafunga mlango, nikaingia chumba cha giza, nikaichapa kubwa.

Sasa niwaeleze ufundi kidogo, maana hapa ndipo kila kitu kiliposimama. Picha mbili zikilaliana kwenye filamu, kitu cheupe hupita mahali palipo peusi, kwa sababu peusi ni nafasi tupu, mwanga haukugusa. Musembi alikuwa amevaa koti jeusi. Mbuzi walikuwa weupe. Karatasi ilipoanza kutoa sura ndani ya dawa, nilimwona Musembi, mashavu yamevimba, paja mkononi. Na ndani ya koti, tumboni kwake, wamesimama mbuzi watatu wananitazama, mmoja sikio limekatika.

Nilicheka peke yangu gizani mpaka nikakaa chini.

Alhamisi baraza lilikaa nje ya ofisi ya Chifu, kwenye mabenchi chini ya mabati, mlango wa ofisi uko wazi na ile picha ya pembe inaonekana kutoka kila kiti. Musembi alisimama kwanza. Alimlilia ndugu yake vizuri sana, akajifuta, akageukia mambo ya michungwa.

"Bwana Chief, wazee. Huyu mama sisi tunamhurumia. Lakini ntheo hakuna. Mimi ndiye mkubwa wa Muthama, ingekuwako ningekuwa nimeileta mimi. Anatuonyesha picha ya mbuzi. Mbuzi wanajua harusi? Hao wanaweza kuwa mbuzi wa babake, wanaweza kuwa wa mtu yeyote. Mimi siku hiyo sikukuwa huko, na kwa hiyo boma sijawahi kula hata mfupa."

Chifu akaniita. Nikampa picha kubwa. Aliitazama, akafunga mdomo wake kwa nguvu, akampa mzee wa kwanza. Mzee akapiga yowe. "Aiya! Musembi, umewameza wazima?" Picha ikapita mkono kwa mkono, na kila benchi ilipofika, benchi liliangua kicheko. Mwikali peke yake hakucheka. Aliitazama picha, halafu akanitazama mimi, nami nikajua amehesabu siku tangu niliposema hakukuwa na nyingine.

Picha ilipomfikia Musembi, uso ulimgeuka kama aliyepakwa jivu. Lakini hakuwa mjinga.

"Hii imetengenezwa!" akasema. "Kamera gani inaweka mbuzi ndani ya mtu? Mulinge amepewa kitu kidogo na huyu mama. Ebu mwulize, Chief. Mwulize kama kamera yake hufanya hivi!"

Kicheko kikaisha. Chifu akanigeukia.

"Mulinge. Kamera yako hufanya hivi?"

Nyuma yake, mlangoni, pembe zilikuwa zimesimama.

"Ndiyo, Bwana Chief," nikasema. "Ilikuwa mbovu kutoka siku niliyoinunua. Kwa mwaka mzima ilikuwa inalaza picha moja juu ya nyingine, na mimi nilikuwa nawadanganya watu. Hakuna aliyetikisika. Hakuna aliyepepesa." Nikaonyesha mlangoni. "Na hiyo yako, Bwana Chief, si staili ya Nairobi. Ni dume la mnadani."

Hata kuku walisimama. Halafu mama mmoja nyuma akasema taratibu, "Kumbe yule mtu begani kwa harusi yangu si jini?" Na hapo kila mtu akaanza kudai. Mzee mmoja alikuwa amempeleka mkewe kuombewa mara mbili kwa sababu ya picha yangu.

Chifu aliinua mkono. Nikatoa kamera ya Kioko kutoka kwenye kitambaa chake, na filamu mbovu, na biro. Nikamwomba Chifu mwenyewe aweke alama na kuzungusha. Mara ya kwanza alama ikahama. Ya pili ikahama, ya tatu pia. Ya nne alama ikabaki palepale, na kisukumio kinazunguka bure. Nikampa negativu, bado kipande kimoja kisichokatwa: mbuzi wale safi wa picha ya Mwikali, na hapohapo ubavuni mwao, Musembi na mzigo wake. Mwisho nikalikunjua lile koti mbele yao. Doa lilikuwa kifuani, pahali ambapo kwenye picha mafuta yalikuwa yanatiririka.

Wanaume wa baraza walilitazama doa. Mmoja mmoja, bila kujua, wakajishika kifua.

Mzee mkubwa wa kikao hakuongea sana. "Mtu aliyekula ntheo ndiye shahidi wa ntheo," akasema. "Mdomo wake unakataa, lakini huo huo mdomo hapa umejaa. Mwikali ni mke wa Muthama. Shamba ni la watoto wake." Chifu akaandika. Mwikali alijifunika uso kwa leso akalia, na mimi pia nililia, na sikumwambia mtu kwamba ni vumbi.

Chifu alikaa na picha yake ya pembe. Alisema watu wameshaizoea na kazi inakwenda vizuri. Mimi kwa karibu mwaka nilipiga mbuzi na ng'ombe tu, maana hao hawakuhudhuria baraza.

Mtakuwa mnauliza habari za Kioko. Alikuwepo. Watu walipoanza kutawanyika alinijia na baiskeli yangu, akanishika mkono machozi yakimlenga.

"Unaona, Mulinge?" akaniambia. "Nilikwambia hiyo kamera nimeiombea."

Kwa hiyo kijana wangu wa kamera ya Emali, na wengine wote: fungua mgongo. Fungua na mlango wa betri, utazame kutu. Linganisha namba ya chini ya kamera na ile ya risiti, usije ukanunua machozi ya mtu aliyeibiwa. Hesabu skrubu, nusa, sikiliza, piga hamsini. Mwenyewe akikwambia anaharakisha, kaa chini uanze upya. Na akitaka maombi, mwambie vizuri sana, maombi ni mazuri, tutayafanya mwisho.

Mwikali alikuja studio wiki ile. Nilimwomba msamaha. Nikamwambia nitamchapia ile safi ya mbuzi, kubwa, bila malipo, na fremu.

"Hapana, Mulinge," akasema. "Nipe ile yako mbaya."

Iko ukutani kwake mpaka leo. Musembi siku hizi ni mzee, na mara mojamoja hupita kusalimia watoto wa ndugu yake. Mwikali humkaribisha vizuri, humpa chai na machungwa, na humkalisha kwenye kiti kinachoitazama.